Kisiwa cha Jogoo Mmoja

Klementina hakulia siku Ladislaus alipokata roho, hakulia siku ya kumzika, na ilipofika wiki ya tatu watu wakawa wameacha kumpa pole, wanamchunguza macho.

Si kwamba hakutaka. Nafasi ndiyo haikuwepo. Nyumba yao ya Bariadi iko karibu na hospitali, karibu kiasi kwamba mgonjwa akikohoa sana wodini unaweza kumwombea ukiwa kibarazani. Kwa miaka thelathini na mmoja nyumba hiyo ilikuwa wodi ya pili. Mtu wa Kimali akivunjika mguu, hospitali alilala yeye peke yake, ndugu zake sita walilala kwa Ladislaus. Mwanamke wa Mwamapalala akijifungua, shangazi zake walikoroga uji jikoni kwa Klementina, wakauliza sukari iko wapi, na walipoambiwa imekwisha wakauliza inanunuliwa wapi.

Ladislaus, Bwana ampe raha ya milele, alikuwa karani wa mizani ya pamba. Mtu mpole, mnene kidogo, ambaye hakuweza kumwona mgeni bila kufurahi. Klementina alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule hapo hapo kibarazani. Alipoinua macho na kuona watu wenye vumbi na mafurushi wamesimama getini, hakusimamisha hata pedali. Aliita tu, "Baba Harieth! Wageni!" Naye Ladislaus alitokea na jagi la maji mkononi na vigoda viwili kwapani, akasema mzaha wake ule ule, maana alikuwa nao mmoja tu: "Karibuni, karibuni. Hapa ni hotelini, ila mpishi ni mkali." Wageni walicheka. Hata waliousikia mara ishirini walicheka, kwa sababu walikuwa na njaa.

Akafa mwezi wa kwanza, Jumanne, kwa maradhi ya moyo, katika hospitali ile ile. Kwa mara ya kwanza wao ndio walikuwa na mgonjwa, na hakuna aliyehangaika kutafuta pa kulala.

Basi matanga yakaanza. Mfiwa alikalishwa kwenye mkeka, mwanamke mmoja kulia, mwingine kushoto, asiguse hata kijiko. Wengine walipokea wageni, wengine walipika, wengine waliosha vyombo vyake na kuvipanga mahali ambapo mpaka leo hajavipata. Jumuiya ilikuja kila jioni kusali rozari. Hata chooni alisindikizwa. Na kila machozi yalipomkaribia, mtu mwema alimshika bega akamwambia, "Jikaze, mama. Usilie. Mungu yupo." Naye alijikaza. Kisha mtu huyo huyo alitoka nje, akawaambia wenzake chini ya turubai, "Jamani, huyu mama halii."

Wifi yake Ng'washi, dada wa marehemu, ambaye alikuja kutoka Kimali na godoro lake, alilisema wazi zaidi. "Wifi yangu ana macho makavu kama lambo la Septemba. Kaka yangu alikosa nini hapa?"

Klementina alisikia. Neno hilo lilimkalia kifuani kama jiwe, si kwa sababu lilikuwa la uongo bali kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kujiuliza. Binti yake Harieth alipokuja mwisho wa wiki, alimvuta kando, nyuma ya tangi la maji.

"Arobaini inakaribia, mwanangu. Sitaki misa ya baba yako inikute sijamlilia. Nitakaa mbele ya altare nimevaa nyeusi, na ndani ni mkavu. Huko si kumdanganya Mungu?"

"Sasa lia, mama."

"Nilie wapi? Nitafutie mahali penye maji pande zote, asifike mtu wa kuniambia nijikaze. Siku tatu tu."

Alisema kama mtu anavyosema natamani kufa, bila kukusudia. Lakini Harieth anafanya kazi halmashauri, Lagangabilili, kwenye yale majengo mapya, na huko wamemzoesha kwamba kila ombi lina njia yake. Jumamosi iliyofuata alifika na mwenzake wa ofisini, Hemed, kijana wa Mafia, na simu yenye bando la kutosha.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa. Harieth anasema wewe unajua visiwa."

"Nimezaliwa kisiwani, mama. Ila kwetu watu wanaota kutoka, sijawahi kumsikia anayeota kuingia." Akafungua simu. "Siku hizi kisiwa kinakodiwa kama turubai. Inategemea mfuko wako."

Akamwonyesha cha kwanza. Kisiwa kizima baharini, mchanga mweupe kama unga wa muhogo, nyumba moja ya makuti ambayo makuti yake yalikuwa safi kuliko shuka za watu. Mpishi wako, mtu wa kukukanda mgongo, mtu wa kukufungulia mwavuli.

"Hao wote wanakaa humo humo?" Klementina akauliza.

"Wafanyakazi kumi na wawili, mama."

"Kwa hiyo ni matanga."

Harieth akauliza bei. Hemed akataja dola, na dola hazikumwingia mtu. Harieth akazigeuza shilingi, shilingi nazo zikawa nyingi mno kueleweka, mwisho akazigeuza ng'ombe. "Ng'ombe ishirini na watano, mama. Kwa usiku mmoja."

"Mimi nilitolewa ng'ombe kumi na wanane," Klementina akasema, "nikakaa miaka thelathini na mmoja. Na kupika nilipika."

Cha pili kilikuwa Ziwa Viktoria, upande wa Busega, kisiwa kidogo chenye nyumba ya wageni ya vyumba vitatu. Bei yake mtu aliyeuza ndama angeweza kuifikiria. Hemed akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Kisiwa chote ni chenu," mwenye kisiwa akasema. "Ukikodi, hakuna mwingine anayeingia. Ukimya mtupu."

"Hakuna watu kabisa?"

"Hakuna. Labda wale wa dagaa, lakini hao wako upande wao. Na kanisa la maombi, wanakesha Ijumaa na Jumapili, wana spika nzuri sana. Na baa. Lakini baa ni ya mdogo wangu, nikimwambia apunguze anapunguza."

Hemed akakata simu taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Sasa siku hiyo alikuwepo Mayunga, mkulima wa Mwamapalala, aliyekuja kutoa pole. Klementina alikuwa amewashonea watoto wake wote saba sare. Alikaa kwenye kigoda na kofia magotini, akisikiliza habari za visiwa kama anavyosikiliza tangazo la bei ya pamba, yaani bila imani.

"Mayu," akasema mwishowe, akimwita mama kwa Kisukuma, "kisiwa mbona ninacho."

Wote wakamgeukia.

"Mbugani kwangu. Kuna kilima, si kikubwa, kina migunga mitatu. Mvua zikijaa mbuga yote ni maji. Mwaka huu zimetupiga wiki mbili mfululizo. Maji yanafika kiunoni. Hafiki mtu pale. Nina kibanda cha kulindia mpunga. Na majani mazuri, nimeyafungia tangu mwaka jana, hayajaguswa na hata mbuzi. Ni ngitili yangu ile."

"Bei gani?" Klementina akauliza, na Harieth akaona kwamba mama yake hatanii.

Mayunga akaona aibu kumtoza mjane, akaona aibu vilevile kutoa bure kitu ambacho wenzake wanakitoza ng'ombe ishirini na watano. "Jogoo mmoja," akasema.

Pale nyumbani Klementina aliaga kwamba anakwenda Mwamapalala kupima watoto sare. Uongo huo alikuja kuuungama baadaye kwa padre, na padre, aliyeishi parokia hiyo miaka tisa na hakuwahi kula chakula cha mchana bila mgeni, alimpa malipizi mepesi sana.

Alivuka asubuhi ya Jumanne, Mayunga akitangulia na fimbo. Alivaa mabuti ya mvua ya marehemu, kwa kuogopa kichocho. Maji yalipofika kiunoni mabuti yalijaa, na kuanzia hapo alibeba kichocho chote cha mbuga ile, lita mbili kila mguu. Mayunga akamweka kibandani na mkeka, jagi, dumu la maji ya kunywa, sufuria, unga na viazi, akarudi alikotoka. Kelele za maji zikaisha nyuma yake.

Kimya.

Klementina akakaa chini. Alikuwa na leso mbili. Moja akaishika, moja akaiweka karibu. Akajiweka tayari, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

Halikuja hata chozi.

Akasali rozari, matendo ya uchungu yote matano. Akamkumbuka Ladislaus kitandani na mpira wa hewa puani. Akajikuta anawaza kama alifunika lile furushi la nguo za Darasa la Kwanza au panya watazila. Akajikemea. Akaanza upya, toka siku ya harusi, na alipofika kwenye keki akasikia njaa. Yangeyange wanne walisimama majini wakimtazama, shingo upande, kimya, weupe kama kina mama wa jumuiya siku ya sherehe. "Nanyi mnasemaje?" akawaambia. "Semeni tu. Halii." Mchana akalala. Alilala kama hajalala tangu mwaka mpya, akaamka jua linashuka, akasikia aibu, maana hakuja kulala.

Huku nyuma mambo yalikuwa yanatembea kwa miguu yake yenyewe. Mayunga hakuwa mtu wa kusengenya, lakini siku ile ile alipita mnadani, na mnadani mtu haulizwi habari akajibu neno moja. Akasema Mama Harieth wa Bariadi amekodi ngitili yake, ile ya kilimani, siku tatu. Mambo ya kulia hakuyataja, yalikuwa ya ndani. Aliyemsikia alikuwa na simu, na aliyepigiwa alikuwa Nyanda.

Nyanda ni kaka mkubwa wa marehemu, mfugaji. Mvua zile zilizojaza mbuga za Mayunga hazikuwa zimefika kwao Kimali. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kuonekana mbavu, na wakati huo alikuwa njiani nao, wiki nzima sasa, akitafuta malisho upande wa Itilima, ametua kwa ndugu mwendo wa saa nne tu kutoka Mwamapalala. Alipoisikia habari hiyo alikaa chini akaifikiri, maana ni mtu wa kufikiri. Majani yaliyofungiwa mwaka mzima. Maji pande zote: haingii fisi, haingii mwizi, havuki ng'ombe wa jirani. Kwa siku tatu. Na shemeji hana ng'ombe hata mmoja.

Nani mwenye akili anakodi majani bila ng'ombe?

"Shemeji katukumbuka," akamwambia dada yake Ng'washi, aliyekuwa amempelekea unga na nguo. "Katikati ya msiba wake, kasikia ng'ombe wa kwetu wanakonda, kakodi ngitili. Kasita kutuambia kabla ya arobaini. Ndivyo alivyo, mambo yake kimya kimya."

"Kulia halii, ngitili anakodi," Ng'washi akasema. Lakini naye akafunga furushi lake.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi, Klementina akiwa amekaa mlangoni mwa kibanda na leso zake zile zile kavu, akasikia mluzi. Halafu kengele. Halafu maji yakaanza kupigwa kwa fujo, yangeyange wakaruka wote wanne, na kutoka kwenye majani marefu zikatokea pembe. Pembe nyingi. Ng'ombe arobaini na watatu walikuwa wanaogelea na kukanyaga kuelekea kwenye kisiwa chake, wakipumua kwa nguvu, na nyuma yao Nyanda, fimbo juu, na wanawe wawili watu wazima, na Ng'washi, maji kiunoni, chungu kichwani, na nyuma yake ndugu wengine watano ambao walikuwa wamekutwa njiani na hawakuona sababu ya kubaki.

"Mwangaluka, mayu!" Nyanda akapaza sauti kutoka majini, uso umejaa shukrani. "Wabeja, shemeji! Wabeja sana! Umetuona!"

Klementina akasimama.

Hakusimama kwa kufikiri. Ni mwili uliosimama, mwili wa miaka thelathini na mmoja, ulioona watu wenye tope na mafurushi wakija mlangoni. Siku zote za matanga wengine ndio waliopokea wageni. Yeye alikalishwa mkekani. Hapa hapakuwa na mkeka wa kumkalisha wala jumuiya ya kushika jagi. Wageni walikuwa wake. Akageuza kichwa nyuma, kwenye mlango wa kibanda cha mpunga, akaita kama alivyoita siku zote:

"Baba Harieth! Wageni!"

Kibanda hakikujibu.

Hakuna aliyetoka na jagi. Mluzi ukakoma. Hata Nyanda alisimama pale pale majini, fimbo juu. Klementina alibaki ameutazama ule mlango, kana kwamba yule mtu amechelewa tu, anatafuta kigoda cha pili. Halafu akaelewa, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile ya hospitalini, kwamba hatoki.

Akalia. Si kilio cha leso. Alikaa chini kwenye tope na mabuti yale makubwa miguuni akalia kwa sauti, mdomo wazi, akimwita jina lake la ubatizo, jina ambalo hakumwita tangu Harieth azaliwe. Ng'ombe walimpita kushoto na kulia wakiingia kwenye majani.

Ng'washi akatua chungu. Akamkaribia, mkono tayari begani, mdomo tayari umefunguka. "Jikaze, wi—"

"Mwache," Nyanda akasema. "Ng'washi, mwache shemeji alie. Si ulisema halii?"

Ng'washi akafunga mdomo. Kisha akakaa chini kwenye tope lile lile, akalia na yeye, kwa sababu kaka alikuwa wake pia na hakuna aliyewahi kumwambia ajikaze. Walimwona ni wa kusimamia vyungu.

Nyanda hakujua afanye nini na mikono yake. Ni mtu aliyezoea kuletewa maji, si kuyapeleka. Akaingia kibandani, akakuta jagi, akalijaza maji ya kunywa kutoka kwenye dumu, akaanza kuwapitishia watu mmoja mmoja. "Karibuni, karibuni," akasema. "Hapa ni hotelini, ila mpishi..." Hakufika mwisho. Akarudisha jagi, akageukia ng'ombe wake, akakaa hivyo amewapa watu mgongo muda mrefu, akiwahesabu kwa sauti ya chini ingawa idadi aliijua.

Klementina alilia mpaka ugali ukaiva. Baada ya ugali akalia tena kidogo, kwa utulivu. Kisha akasema, kwa sauti iliyochoka, kwamba amepata alichofuata, sasa wanaweza kumwacha apumzike.

"Tukuache?" Ng'washi akashangaa. "Mfiwa anayelia anaachwa peke yake? Sisi ni watu gani?"

Wakakaa naye siku zote zilizobaki. Kibandani walilala wanawake wanne mahali pa mmoja. Hata Bwana mwenyewe, Klementina alijiambia akiwa amebanwa kati ya wifi na ukuta, alipotaka kuwa peke yake alipanda mlimani, na umati ukamfuata. Na ilibidi uketishwe kwenye majani, ulishwe. Hapo alijikuta anacheka, na Ng'washi akamwuliza kulikoni, maana kucheka nako kuna wakati wake.

Ijumaa Mayunga alikuja kumvusha mgeni wake. Akasimama ukingoni mwa maji. Majani aliyoyafungia mwaka mzima yalikuwa yameliwa mpaka mizizi inaonekana, na juu ya kilima ng'ombe arobaini na watatu walikuwa wamelala wanacheua, matumbo kama ngoma.

"Mayu," akasema, "sisi tulipatana jogoo."

Walibishana yeye na Nyanda mpaka adhuhuri, kwa heshima kubwa, kila mmoja akimwita mwenzake baba. Mwisho Nyanda akatoa mtamba, mwekundu, mwenye doa usoni. Harieth alipoisikia bei hiyo akaipigia hesabu, akaona kwamba kwa mtamba yule mama yake angelala siku tatu zile kisiwani Busega, baa na spika pamoja, na chenji ikarudi. Jogoo naye alitolewa. Mayunga ni mtu wa neno lake.

Siku ya arobaini kanisa lilijaa. Klementina alilia toka wimbo wa kuingilia mpaka baraka. Alilia vizuri, bila kujificha, na alipokwenda kukomunika watu walimpisha. Nje, wakati wa kugawa wali, Ng'washi aliwaambia wenzake, "Namhurumia wifi yangu, lakini jamani, sasa anazidisha."

Habari za kisiwa zilikuwa zimekwisha kufika jumuiya, zimenenepa njiani. Mwenyekiti, Mama Wilhelmina, alikuja kibarazani na daftari. Jumuiya imeamua kwenda mafungo ya siku mbili, kule kule kilimani, kwa kuwa imeonekana pana neema. Watu thelathini. Je, Mayunga atawafanyia bei ya kundi? Na Klementina, kama mwenyeji, si atawaongoza?

"Nendeni tu," Klementina akasema, pedali ikiendelea. "Mimi nitabaki."

Jumamosi wakaondoka wote, na masufuria, na spika. Ng'washi akaenda nao. Wagonjwa wa Kimali waliokuwepo walikuwa wameruhusiwa Ijumaa. Klementina akafunga geti. Akakaa kwenye cherehani. Nyumba nzima ilikuwa tupu, vyumba vyote, hata jikoni, kitu ambacho hakijatokea tangu aolewe. Bei yake haikuwa hata yai.

Akashona kola mbili. Akasimama, akajaza jagi maji, akaliweka mezani. Akatoa vigoda viwili, akavipangusa. Ilipofika saa tano akatoka mpaka getini, akafungua, akatazama barabara ya hospitali, upande huu na upande ule, kama kuna mtu anakuja.